Kila Mume Akirudi Safarini, Harufu Nayo Inarudi

Shikamoo Mama Mkunga,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mshonaji, naishi Tanga na nina watoto watatu. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Leo nimeamua niimalize hivyo hivyo ilivyo.

Mwaka juzi, miezi michache baada ya kuwekwa kitanzi, nilianza kuona majimaji ukeni, mepesi na ya kijivujivu kama maji yaliyooshewa mchele. Yana harufu ya shombo. Siwashwi sana, siumwi tumbo, wala sisikii maumivu nikijisaidia haja ndogo. Ila harufu! Inazidi baada ya tendo la ndoa na siku zile hedhi inapoishia.

Nilianzia duka la dawa. Nikaambiwa ni fangasi, nikapewa vidonge vya kuweka ukeni kwa siku sita. Harufu palepale. Nikaambiwa basi ni UTI, nikanywa antibayotiki ya sipro. Baadaye nikaenda zahanati moja, wakasema ni PID, yaani maambukizi ya kizazi, bila hata kunilaza kitandani waniangalie. Nikachomwa sindano na kupewa vidonge vya wiki mbili, na humo ndani mlikuwa na flajili. Nikapona kabisa, nikasema Alhamdulillah, yamekwisha.

Mume wangu ni dereva wa semi. Huenda Zambia na Kongo, na hukaa safarini wiki tatu hadi mwezi. Aliporudi, siku ya tatu tu harufu ikarudi. Tangu hapo flajili nanunua mwenyewe. Nikinywa siku mbili au tatu na harufu ikikata, naacha, zile zilizobaki naziweka kwa ajili ya safari nyingine. Mwaka huu peke yake nimefanya hivyo mara sita.

Mama, mimi si mtu wa kujiacha. Najiosha mara nne kwa siku. Nilipoolewa somo yangu alinifunza kuingiza kidole na kitambaa laini hadi kitoke hakina kitu, na sijawahi kuacha. Sasa nimeongeza sabuni ya dawa, ndimu, maji ya karafuu na shabu. Jirani aliniletea vifurushi vidogo vya dawa za asili, wanaviita lulu, nikaambiwa niviache ndani siku tatu vivute uchafu. Nilivitoa siku ya pili nikilia kwa kuungua.

Kazini mteja akija kupimwa gauni, futi namkabidhi msichana ninayemfundisha kazi, mimi nakaa kwenye cherehani na kuandika vipimo kwa mbali. Harusini nakaa karibu na mlango. Mume wangu hajanitukana hata siku moja, lakini siku hizi akirudi analala amenipa mgongo. Wifi yangu aliwahi kusema mbele ya watu kwamba mwanamke asiyejitunza hujulikana. Hakunitaja jina, lakini macho yalikuwa kwangu.

Na mimi nami nimeanza kumshuku mume wangu. Mbona asipokuwepo napona? Ananiletea nini huko njiani?

Naomba unisaidie: hii ni nini, kuna dawa ya kuikomesha kabisa, na je, nikatoe kitanzi? Halafu binti yangu mkubwa ana miaka 12 na mwezi uliopita amevunja ungo. Somo yangu, ambaye sasa ni bibi, anataka kuja amfunze kujisafisha kama alivyonifunza mimi. Nimruhusu?

Mshonaji, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Nashukuru hii ya nne hukuichana.

Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga kwa zaidi ya miaka 30, na uliyoyaandika nimeyasikia mara nyingi, karibu kila mara kwa namna moja. Mama anakuja, anaeleza mgongo, anaeleza kichwa, anapewa dawa ya kichwa, anaaga. Akishashika kitasa cha mlango ndipo anageuka na kusema, "Nesi, na kuna jambo jingine." Hilo jambo jingine ndilo lililomtoa nyumbani.

Ulivyoeleza, majimaji mepesi ya kijivu, shombo inayozidi baada ya tendo na mwisho wa hedhi, kutokuwashwa, na kupata nafuu kwa flajili, vinaelekea kwenye kitu kimoja. Jina lake refu ni vajinosisi ya bakteria, na hospitalini utasikia tukiita BV. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu robo ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wanayo, na wengi wao hawana dalili yoyote. Kwa hiyo katika harusi ile uliyokaa mlangoni, hukuwa peke yako.

Ndani ya uke wenye afya wanaishi bakteria wema waitwao laktobasili. Kazi yao ni kutengeneza tindikali, na tindikali hiyo ndiyo inayowazuia wengine wasizidi. Wakipungua, bakteria wa aina nyingine, wale wasiohitaji hewa, wanapata nafasi na kuzaliana kupita kiasi. Mmoja wao ni gadnerela. Hao ndio wanaotoa kemikali zenye shombo. Sasa angalia jambo ulilolishika mwenyewe bila kuambiwa na mtu: shahawa na damu ya hedhi zote mbili hupunguza tindikali ya uke, na tindikali ikipungua, kemikali zile huruka hewani na kunuka zaidi. Ndiyo maana harufu inakuja baada ya tendo na hedhi inapoishia.

Hapo hakuna uchafu. Bakteria hawa hawaondoki kwa kuogeshwa, na wifi yako angejua anachokisema asingekisema.

Swali lako kubwa ni kwa nini inarudi. Umewahi kuona mtungi wa maji uliokaa muda mrefu? Unamwaga maji yote, unajaza mapya, baada ya siku mbili yana harufu ileile. Ukipitisha mkono ndani unakuta ute umeganda ukutani. Bakteria wa BV hufanya hivyo hivyo: wanajijengea utando juu ya ukuta wa uke na kujificha chini yake. Flajili inawaua walio juu, harufu inakata siku ya pili au ya tatu, nawe unaweka vidonge vilivyobaki kwenye droo. Walio chini ya utando wanabaki wanasubiri. Hata wanaomaliza dozi vizuri hurudiwa: utafiti uliofanyika Australia ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wanawake waliotibiwa walirudiwa ndani ya miezi 12. Siwezi basi kukuahidi dawa ya kuikomesha kabisa. Ninachoweza kukuambia ni kwamba ipo njia ya kuitibu vizuri kuliko ulivyotibiwa, na kwa wanawake wengi inapunguza sana kurudi kwake. Wengine wanaisahau kabisa.

Lakini kabla ya dawa kuna jambo la kuacha, nalo ni gumu kwako kwa sababu umelifanya kwa imani njema tangu siku ya ndoa yako.

Acha kuosha ndani. Kidole, kitambaa, sabuni ya dawa, ndimu, karafuu, shabu, vyote. Kila ukipitisha kitambaa unawakomba laktobasili, ambao ndio walinzi wako, na wale wabaya waliojishika kwenye utando wanabaki. Shabu inakausha na kuchubua ukuta. Ndimu ni tindikali kweli, lakini ni kali, inaunguza, na haiwarudishi laktobasili. Hapo ndipo penye mzunguko uliokunasa: harufu inakuja, unaosha zaidi, walinzi wanapungua zaidi, harufu inazidi. Lulu zile nazo zilikuunguza kweli, na kinachotoka baada ya kuziweka mara nyingi ni ngozi laini ya ndani iliyobabuka, ndicho watu wanachoonyeshana kwamba ni uchafu uliovutwa. Usiziweke tena, na ukiwa bado unasikia kuungua, mwambie atakayekupima.

Jambo hili halihusu harufu peke yake. Hapo jirani yenu, Mombasa, watafiti waliwafuatilia wanawake kwa miaka 10 na wakakuta kwamba waliokuwa wakijiosha ndani ya uke waliambukizwa VVU zaidi kuliko wasiojiosha, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliotumia sabuni. Huko Rakai, Uganda, mwaka 1997 iliripotiwa kwamba wanawake wenye BV walikuwa na VVU kwa wingi zaidi. BV inapunguza kinga ya uke, virusi vinapata mlango. Kwa mjamzito inaongeza uwezekano wa kujifungua kabla ya siku. Sikuelezi haya nikutie hofu, nataka ujue kwa nini nakukatalia kitambaa kwa nguvu zote.

Uke unajisafisha wenyewe. Osha nje tu, kwa maji, mara moja au mbili kwa siku. Sabuni isiyo na manukato ikigusa mapaja na sehemu za nje haina neno, isiingie ndani. Wiki ya kwanza utahisi kama hujaoga. Vumilia.

Sasa nenda kapimwe, na safari hii iwe kituo cha afya au hospitali yenye maabara. Siku mbili kabla ya kwenda usiweke kitu chochote ukeni na usifanye tendo la ndoa, na usinywe flajili ile ya droo. Ukifika sema wazi: "Nina majimaji yenye harufu yanayojirudia kwa miaka miwili. Naomba niangaliwe na nichukuliwe majimaji yapimwe." Wataingiza kifaa cha kufungulia uke waone, wachukue kidogo kwa pamba. Tangu mwaka 1983 madaktari wanatumia alama nne kutambua BV: majimaji mepesi yaliyotanda sawasawa, tindikali iliyopungua kwenye karatasi ya kupimia (inasoma zaidi ya 4.5), shombo inayotoka majimaji yakidondoshewa dawa ya maabara, na chembe za ngozi ya uke zilizofunikwa na bakteria hadi kingo zake hazionekani kwenye darubini. Zikipatikana tatu kati ya nne, ni BV.

Kwa nini nasisitiza kupimwa wakati mimi mwenyewe nimeshakuambia naona ni BV? Kwa sababu yupo mdudu mwingine aitwaye trikomona, mwenye harufu inayofanana, anayepatikana kwa kujamiiana, na ambaye mume lazima atibiwe hata kama haumwi. Fangasi nayo hutoa ute mzito kama mtindi ulioganda na huwasha sana. Wewe huna dalili hizo, na dawa ya fangasi uliyopewa isingekusaidia. Pia una miaka 36. Serikali inatoa uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa wanawake wa miaka 30 hadi 50, ule wa kupaka siki na kuangalia kama pana sehemu inayobadilika rangi. Ukiwa umeshapanda kitanda, omba na huo ufanyike.

Nenda haraka zaidi, usisubiri kupanga siku, ukipata homa, maumivu chini ya kitovu, damu baada ya tendo, au ukihisi una mimba.

Wakithibitisha ni BV, dawa ya kwanza ni hiyohiyo flajili, yaani metronidazo. Tofauti ni namna ya kuinywa: miligramu 400 au 500, mara mbili kwa siku, siku 7 kamili. Harufu itakata siku ya tatu, wewe endelea hadi ya saba. Kunywa baada ya kula, maana inachafua tumbo na kuacha ladha ya chuma mdomoni. Hiyo ladha haina madhara, itaondoka. Mtu anayekunywa pombe aache kwa muda wote wa dozi na siku mbili tatu baada yake, kama karatasi ya dawa inavyoelekeza. Asiyevumilia vidonge anaweza kupewa jeli ya metronidazo ya kuweka ukeni kwa usiku 5, au krimu ya klindamaisini kwa usiku 7. Krimu hiyo ina mafuta yanayodhoofisha kondomu, kumbuka hilo.

Na hapa ndipo mume wako anapoingia.

Kwa miaka mingi sisi wauguzi tulifundishwa kwamba mume wa mwenye BV hahitaji dawa. Nami niliwaambia wanawake hivyo, kwa sababu majaribio ya zamani ya kuwapa wanaume vidonge peke yake hayakuonyesha faida. Machi 2025 yakatoka matokeo mengine kutoka Australia. Zilichukuliwa jozi 164 za wapenzi walioishi kwa uaminifu wa wawili, mwanamke ana BV. Nusu, alitibiwa mwanamke peke yake. Nusu nyingine, mwanamume naye alipewa metronidazo miligramu 400 mara mbili kwa siku, na juu yake akapaka krimu ya klindamaisini ya asilimia 2 kwenye uume mara mbili kwa siku, yote kwa siku 7. Ndani ya wiki 12, wanawake waliotibiwa peke yao walirudiwa asilimia 63. Waliotibiwa na wenza wao walirudiwa asilimia 35. Tofauti ilikuwa kubwa hata utafiti ukasimamishwa mapema, maana haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Huenda siri ilikuwa krimu: bakteria hao hukaa kwenye ngozi ya uume na ndani ya njia ya mkojo, kimya kabisa, na kidonge peke yake hakiwafikii wote.

Nikuongezee jambo moja kwa ukweli. Wengi wa wanaume wale walikuwa hawajatahiriwa, na kwa watu wa pwani wengi wametahiriwa. Tohara inasaidia: huko Rakai, Uganda, wake wa wanaume waliotahiriwa walipata BV pungufu kwa takribani asilimia 40. Kwa hiyo kama mumeo ametahiriwa, faida ya kumtibu inaweza kuwa ndogo kuliko ile ya Australia. Bado, kwa mtu kama wewe ambaye inarudi kila mume akirudi, ningeomba atibiwe. Si kila daktari amekwishaanza kufanya hivi. Ukikutana na anayesema mume hahitaji, mwambie kwa upole kwamba umesikia kuhusu utafiti wa mwaka 2025 wa vidonge pamoja na krimu, na uombe aangalie.

Kuhusu kumshuku. Ushahidi ulio nao mkononi ni huu tu, kwamba akirudi, harufu inarudi. Hilo lina maelezo mawili ambayo hayahitaji mwanamke mwingine. La kwanza ni shahawa, nimeshaeleza. La pili, bakteria anaokurudishia huenda aliwapata kwako mwenyewe mwaka juzi, akawabeba hadi Lubumbashi na kuwarudisha nyumbani bila kujua. Siwezi kukuapia kwa niaba yake, mwanangu, lakini BV peke yake haimshitaki. Kinachoweza kujibu wasiwasi wako ni nyinyi wawili kupima VVU, kaswende na trikomona siku moja, na ningewashauri hivyo wanandoa wote wanaokaa mbalimbali kwa wiki nyingi.

Usimwambie usiku anaoingia, amechoka na ana siku nne barabarani. Wala usimwambie kitandani. Subiri ameshalala, ameoga, amekula, watoto wako shuleni. Sema: "Baba watoto, nimepimwa, tatizo lina jina. Daktari anasema tumeze dawa pamoja siku saba, la sivyo inazunguka kwetu wawili." Usianze na safari zake. Mwanamume anayelala amekupa mgongo bila kutukana, mara nyingi ni mtu asiyejua aseme nini. Huenda naye anaogopa kuuliza. Siku hizo saba msikutane kimwili, na ikiwa lazima aondoke kabla hazijaisha, aende na vidonge vyake na krimu yake, mkumbushane kwa simu asubuhi na jioni. Muhimu muanze siku moja. Akirudi safari mbili au tatu zinazofuata tumieni kondomu, krimu ikishamalizika, ili uke wako upate nafasi ya kutulia bila shahawa.

Ikirudi tena baada ya yote hayo, usikate tamaa na usirudi kwenye droo. Ikirudi mara tatu au zaidi kwa mwaka, daktari wa wanawake anaweza kukuweka kwenye dawa ya kuzuia: jeli ya metronidazo ukeni mara mbili kwa wiki, kwa miezi minne hadi sita. Jeli si rahisi kuipata kila mahali. Mombasa walijaribu njia nyingine mwaka mzima, wanawake wakipewa mara moja kwa mwezi flajili gramu 2 pamoja na dawa ya fangasi, fulukonazo, miligramu 150, na BV ikapungua. Hiyo daktari akuandikie mwenyewe, usijipimie. Utasikia pia habari za vidonge vya asidi ya boriki vya kuweka ukeni. Madaktari huvitumia baada ya flajili kwa wale walioshindikana, lakini ni sumu ikimezwa, inaweza kuua, na mjamzito haruhusiwi kabisa. Ukiwa na mtoto mdogo ndani ya nyumba, fikiria mara mbili kabla hata ya kuileta. Unga wa boriki wa dukani usiuguse.

Mtindi? Wengi wananiuliza. Kunywa ukipenda, ni chakula kizuri. Ukeni usiweke, bakteria wa mtindi si wale wanaolinda uke. Laktobasili wenyewe wa uke walishajaribiwa kama dawa Marekani, na matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kurudi kwa asilimia 30 badala ya 45 ndani ya wiki 12. Yanatia moyo, ila vidonge vinavyouzwa mitandaoni kwa bei ya gunia la mchele si dawa hiyo.

Kitanzi usikitoe leo. Cha shaba kinahusishwa na BV kwa baadhi ya wanawake, pengine kwa sababu hedhi inakuwa nyingi na ndefu zaidi, na wako ulianza baada yake, kwa hiyo swali lako ni la haki. Lakini kinakufanyia kazi, na mimba usiyoipanga ni mzigo mwingine. Tibiwa kwanza, nyinyi wawili, acha kuosha ndani, subiri miezi mitatu. Ikiendelea, ongea na mtoa huduma wa uzazi wa mpango juu ya kubadili kwenda kwenye njia ya homoni, kijiti kwa mfano, na siku ya kutoa kile iwe ndiyo siku ya kuanza hiki.

Nimemwacha binti kwa mwisho kwa sababu nimemfikiria zaidi kuliko yote uliyoyaandika.

Somo aje. Usimzuie. Ana mengi ya kumpa mtoto ambayo shule haitampa: heshima ya mwili wake, namna ya kuhesabu siku, namna ya kujitunza akiwa katika hedhi, na maneno ya kumkatalia mtu mzima mwenye mikono mirefu. Ila mkaribishe siku moja kabla, mkae wawili tu na chai, umweleze yaliyokupata. Mwonyeshe barua hii kama inafaa. Mwambie kidole na kitambaa visiwemo, na ndimu na shabu visitajwe. Yeye alikufunza alichofunzwa, na alikufunza kwa mapenzi. Nimekaa na makungwi kadhaa kama somo yako katika maisha yangu, na walipoeleweshwa vizuri, bila kudharauliwa, walibadili mafunzo yao wenyewe na wakawabadilisha wenzao.

Kwa binti inatosha maji ya kawaida kwa nje, kutoka mbele kwenda nyuma, chupi ya pamba iliyokaushwa juani, na kubadilisha pedi kila baada ya saa nne hadi sita. Mwambie kwamba ute mweupe au unaoteleza bila harufu kali ni wa kawaida na utakuwa ukibadilika ndani ya mwezi. Na mwambie kwamba siku akiona umebadilika rangi au harufu, aje kwako siku hiyohiyo, utampeleka kupimwa, na hutamuuliza kwanza amefanya nini.